Malaika Sita Kaburini

Juzi wajukuu wangu walikuwa wanabishana hapa barazani. Mumoja anasema vitabu vinne vya Evanjili vinapingana, basi ni maneno ya kutungwa na watu. Mwingine anasema kila neno lilishuka mbinguni jinsi lilivyo, na mutu anayeuliza ana shetani. Wakanigeukia. "Koko, wewe unasema nini?" Nikawaambia wanyamaze kwanza, nilikuwa nachambua maharagi. Lakini jambo hilo ninalijua. Kidogo tu linikoseshe ubatizo, na pamoja na ubatizo linikoseshe mume. Nitaliandika hapa wasome wenyewe, maana kusikiliza hawajui.

Ilikuwa miaka ya Wabeleji, mbele ya uhuru. Goma ilikuwa ndogo, mutu alijua kila nyumba. Sisi tulikaa Birere karibu na mupaka. Baba alitoka Rutshuru, akapata kazi ya kutunza ng'ombe za maziwa za Muzungu mumoja. Ndosho, kule ambako leo pikipiki zinagongana, hakuna mutu aliyekuwa amejenga. Ilikuwa majiwe meusi ya volkano na vichaka, na sisi wasichana tulienda huko kukata kuni.

Kusomea ubatizo kulichukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wanakupa medali uvae shingoni, watu wajue umeanza. Mwaka wa pili na wa tatu unakuja asubuhi mara tatu kwa juma, unafagia kanisa, unapalilia maharagi ya misioni, halafu unakaa chini kufundishwa. Tulikuwa wasichana kumi na wawili. Hatukuwa na kaye ya kuandikia wala kalamu. Mwalimu anasema, sisi tunarudilia, mpaka neno linakaa. Mimi kusoma nilijifunza baadaye, nimekwisha kuzaa mara mbili.

Mwalimu wetu wa dini alikuwa mutu mwembamba, mwenye haraka, mwema. Mbele ya kazi hiyo alikuwa anapima mifuko ya kahawa kwa mupandaji mumoja, miaka mingi, na tabia ya kujumlisha haikumutoka. Alijumlisha siku za Kwarezima, alijumlisha wana wa Yakobo, alijumlisha hata sisi tukiingia na tukitoka, kama vile mumoja angeweza kupotea kati ya benchi na mulango.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na haraka, na nitaisema wazi. Nilikuwa na muchumba, masoni wa kujenga nyumba, yeye amekwisha kubatizwa tangu utoto. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimefika kwa baba. Bwana wake wa kazi alikuwa anamupeleka Bukavu kujenga, na mashua ilikuwa inaondoka juma moja baada ya Pentekoste. Kule Bukavu nyumba ilipewa tu mufanyakazi mwenye karatasi ya ndoa ya kanisa. Mwenye kuwa peke yake analala na wenzake wanane. Na padri hafungishi ndoa ya mutu asiyebatizwa. Basi hesabu yangu mimi ilikuwa fupi: nibatizwe Pentekoste, niolewe juma hilohilo, nipande mashua. Nikikosa Pentekoste, ni kungoja Noeli. Mama ya muchumba wangu alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba yeye hangojei Noeli, kuna binti Sake aliyekwisha kubatizwa na anajua kulima.

Sasa nifike kwenye malaika.

Siku nane za Paska sisi wa ubatizo tulilazimishwa kuhuzuria Misa kila siku. Padri anasoma Evanjili kwa Kilatini, amewapa watu mugongo. Akimaliza, mwalimu anasimama, anageukia watu, anaisoma kwa Kiswahili. Mutu asiyejua kusoma ana masikio tu, basi anayatumia. Jumamosi Takatifu mwalimu alisoma kwamba wanawake wawili walikwenda kaburini, malaika mumoja akashuka, akaviringisha jiwe, akaketi juu yake. Kesho yake, Paska yenyewe, akasoma kwamba wanawake ni watatu, na jiwe wamelikuta limekwisha kuviringishwa, na ndani kuna kijana amevaa nguo nyeupe, ameketi upande wa kuume. Siku ya nne ya juma akasoma kwamba ni Maria Magdalena peke yake, analia, na ndani kuna malaika wawili, mumoja upande wa kichwa, mumoja upande wa miguu.

Nilitazama watu. Hakuna aliyeshituka. Nikajiuliza kama mimi ndiye nilisikia vibaya.

Tulipokutana tena darasani niliinua mukono.

"Mwalimu, kule kaburini malaika walikuwa wangapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu Jumamosi alikuwa mumoja nje. Paska alikuwa kijana ndani. Siku ya nne walikuwa wawili."

Msichana mumoja nyuma yangu akacheka. "Wewe uliingia kanisani kusali ao kuhesabu?"

"Niliingia na masikio. Wewe yako uliyaacha kwenye kuni?"

Mwalimu hakukasirika. Nadhani alifurahi, maana swali lilikuwa la hesabu. Alifungua kitabu chake, kile alichokifunga katika kitambaa, akatuambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba Evanjili si kitabu kimoja. Ziko nne, na Jumamosi alisoma ya Matayo, siku ya Paska ya Marko, siku ya nne ya Yoane. Bado ya Luka. Akatusomea na hiyo: wanaume wawili, nguo zao zinawaka kama radi.

"Hao wanne ni nani?" niliuliza.

"Matayo na Yoane ni mitume, walitembea na Bwana. Marko hakutembea naye, alimufuata Petro na kuandika mambo Petro aliyoyahubiri. Luka ni munganga, yeye alikwenda kuulizauliza watu."

"Na kati ya hao wanne, asubuhi ile kaburini alikuwako nani?"

Mwalimu alifikiri. "Hakuna. Wanaume walikuwa wamejifungia ndani kwa woga. Yoane alikimbilia huko baadaye pamoja na Petro, wakakuta sanda tu."

"Basi habari ya malaika waliambiwa na nani?"

"Na Roho Mutakatifu."

"Na mbele ya Roho Mutakatifu kuwaambia?"

Alinitazama sana. "Na wanawake. Kaa chini."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama, vidole vinatembea hewani kama mutu anayepima mifuko. Halafu uso wake ukafunguka.

"Sikilizeni. Malaika wa Matayo, mumoja. Kijana wa Marko, wawili. Wawili wa Luka, wanne. Wawili wa Yoane, sita. Malaika walikuwa sita! Hakuna aliyekosa. Kila mwandishi aliandika wale wake. Malaika walikuwa wangapi?"

"Sita!"

"Wangapi?"

"Sita!"

Wapita njia walitusikia. Yule aliyenicheka akauliza: "Na wanawake, mwalimu?" Mwalimu akaanza tena na vidole, wawili wa Matayo, watatu wa Marko, na Luka anasema na wengine pamoja nao, hataji idadi. Hapo akakwama. Akasema wanawake hawaulizwi kwenye mutihani.

Mimi nilirudilia sita pamoja na wengine. Sikuridhika, lakini sikuwa na jambo lingine la kuweka pahali pake. Sita ni jibu, na mimi nilitaka kuolewa.

Majuma matatu baada ya hapo shangazi yangu akafa.

Alikuwa dada mukubwa wa baba, mujane, anakaa kwetu katika nyumba ndogo ya nyuma. Aliugua kifua. Asubuhi ile, jua limekwisha kupanda, nilikuwa naye peke yangu. Aliniomba maziwa. Nilikwenda kuyatafuta, niliporudi nikamukuta mama ameingia, ameketi kitandani. Nyuma yake akaingia jirani yetu, mama mumoja wa Butembo, bwana yake alifanya biashara ya chumvi. Mama akanituma ziwani kuchota maji. Niliporudi na kibuyu kichwani, shangazi alikuwa amekwisha kukata roho. Mwisho wenyewe sikuuona.

Kwetu kuna desturi katika jambo hilo. Wanawake waliokaa na mugonjwa hawapeleki habari. Wanabaki na maiti, wanamuosha, wanamufunika. Habari inapelekwa na wanaume, na wanaume hawakuwa ndani, walikuwa nje kwenye uwanja. Basi yule anayetumwa, mbele ya kuondoka, anasimama mulangoni na kumuuliza mwanamuke mumoja: ilikuwa namna gani? Anaondoka na lile aliloambiwa. Haulizi wa pili. Si adabu kuwauliza wanawake wawili, ni kama kusema wa kwanza hukumwamini.

Wajumbe walikuwa wanne. Kaka yangu mukubwa alitumwa Rutshuru, akamuuliza mama. Shemeji yetu alitumwa Masisi, akamuuliza jirani. Baba mudogo alitumwa Sake, akaniuliza mimi, kibuyu hata sijakitua. Wa nne alikuwa binamu mumoja mwenye maneno mengi, alitumwa Gisenyi, ngambo ya mupaka. Yeye hakumuuliza mutu. Alimusindikiza kaka mwanzo wa njia ya Rutshuru, akasikia kwake, akarudi na kuvuka.

Siku ya tano watu wote walikuwa wamefika kwenye kilio. Wameketi chini, bia ya mutama inazunguka, na wakaanza kusimuliana walivyopata habari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wale wa Rutshuru walisema: sisi tuliambiwa alikuwa na wifi yake na binti ya nyumba, na aliwabariki watoto wake wote kwa majina. Wa Sake wakasema: hapana, alikuwa na binti peke yake, na neno lake la mwisho ni maziwa. Wa Masisi wakasema: jirani ndiye alimushika kichwa, wale wengine wawili walisimama mulangoni. Na wa Gisenyi wakasema walikuwa wanawake watatu, wote wamepiga magoti, na marehemu aliwasalimu watu wa Gisenyi mbele ya wote. Binamu akaanza kutazama vidole vya miguu yake. Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka kwenye kilio.

Muzee mumoja kutoka Masisi hakucheka. Alikuwa kaka ya marehemu bwana yake shangazi, mutu wa kutafuta maneno.

"Wawili," akasema, "na mumoja, ni watatu. Na watatu, sita. Na watatu, tisa. Wanawake tisa katika chumba cha mugonjwa mumoja! Na kila mumoja ana habari yake. Hapa kuna kitu kinafichwa. Mulimunywesha nini?"

Neno hilo likitoka kwenye kilio, kilio kinaweza kuzaa kilio kingine. Baba akasimama. Lakini mama ndiye alijibu, na hakuinuka hata pale alipoketi.

"Muzee, ingia uone nyumba yenyewe. Wanawake tisa? Wanne tungewatundika kwenye paa."

"Jibu nililouliza."

"Ninajibu. Tulikuwa watatu, na hatukuwa pamoja. Binti alikuwa wa kwanza, akatoka. Mimi nikaingia. Huyu mama akaingia. Binti akarudi, akatoka tena. Kila mumoja alisema yale yaliyomupata yeye. Sasa mimi nikuulize, muzee. Kama wale wanne wangefika Rutshuru na Masisi na Sake na Gisenyi na neno lilelile, hakuna lililozidi wala kupungua, wewe ungesema nini? Ungeuliza ni nani aliwakalisha chini kuwafundisha. Hapo ndipo ungetafuta sumu."

Muzee alikunywa bia yake.

Mimi nilikuwa na sahani ya viazi mikononi, na nilisimama nayo mpaka mutu akanikemea. Nilikuwa ninaona malaika sita wanasongamana katika kaburi moja, na mwalimu anawahesabu. Alikuwa amefanya kama yule muzee. Alijumlisha wajumbe.

Muchumba wangu alikuja kwenye kilio siku ile. Alipokuwa anaondoka nikamusindikiza mpaka njiani, nikamwambia.

"Kwenye mutihani sitaweza kusema sita."

"Sita nini?"

Nikamueleza yote. Alisikiliza, mikono yake imekauka simenti.

"Padri atauliza malaika wangapi?"

"Mwalimu anasema ataulizia ufufuko, anaulizia kila mwaka."

"Basi sema sita. Mwalimu amesema sita, wenzako watasema sita. Sema hata kumi, mimi inaniuma nini? Mimi ninataka Pentekoste."

"Na kama si kweli?"

"Wewe ulikuwako?"

"Sikuwako. Ndiyo maana."

"Mwanamuke," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "mashua haingojei malaika." Akaenda. Sikumulaumu. Mama yake alikuwa anamungoja nyumbani na habari za binti wa Sake.

Mutihani ulifanyika juma la mbele ya Pentekoste, kwenye baraza ya nyumba ya mapadri. Tuliingia mumoja mumoja katika chumba, na mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya siku nilizokosa za kilio. Waliotoka niliwauliza. Wa kwanza: "Ameuliza malaika, nimesema sita." Wa pili vilevile. Wa tano akasema padri ameweka kalamu chini na kushika kichwa. Wa tisa akasema padri hakumuuliza tena, alisema yeye mwenyewe: "Na wewe, sita?" naye akajibu: "Ndiyo, Padri, asante." Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya baraza, shati limelowa.

Nikaingia. Padri alikuwa muzee mwenye ndevu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu. Aliniuliza amri za Mungu, nikajibu. Sakramenti, nikajibu. Nani aliandika Evanjili, nikajibu jinsi tulivyofundishwa: Matayo, Marko, Luka na Yoane, kwa kuongozwa na Roho Mutakatifu. Halafu akavua miwani.

"Malaika kaburini?"

"Sijui, Padri."

Akainua kichwa. "Hujui? Wenzako kumi na mumoja wanajua sana."

"Wanajua lile tulilofundishwa. Mimi sikuwako. Na walioandika hawakuwako, ni wanawake walikuwako. Kila mwandishi aliuliza mwanamuke wake, ao aliuliza mutu aliyemuuliza. Huyu aliona mumoja, huyu wawili. Pengine mumoja alikuwa ametoka."

"Basi wandishi walikosa?"

"Hapana, Padri. Kwetu juzi wajumbe wanne walikwenda pahali pane, na maneno yao hayakulingana. Lakini wote walisema shangazi amekufa, na alikuwa amekufa kweli. Na hawa wanne, hakuna aliyesema walikuta maiti kaburini."

Alivaa miwani tena. Halafu akauliza kwa sauti nyingine: "Ni nani amekufundisha hayo? Umekuwa unakwenda kwa Waprotestanti?"

Mutu wa leo hawezi kuelewa uzito wa neno lile. Wakati ule, Mukatoliki kuingia kanisa la Waprotestanti ilikuwa kama kuingia nyumba ya adui, na mutu wa ubatizo aliyekwenda huko alianza miaka mitatu upya. Waprotestanti ndio walitembea na Biblia mukononi na kuuliza maswali.

"Hapana, Padri. Sijafundishwa na mutu. Tulizika shangazi."

"Shangazi," akasema. Alifungua kaye yake, na nikaona kwa macho yangu anavyopitisha kalamu kwenye majina, na kwangu hakuandika kitu. "Siku ya nne uniletee watu waliokuwa ndani ya chumba cha huyo shangazi. Kama wako."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa anapondaponda majani ya sombe, hakuacha.

"Mimi? Kwa padri? Mimi hata medali sina."

"Ameomba watu waliokuwa chumbani."

"Na akikukataa wewe, ng'ombe zinarudi?"

"Zinarudi."

Aliponda mara nyingine kumi. "Kamwite jirani."

Jirani alivaa kitambaa kipya, alijipaka mafuta, alitembea mbele. Yeye alikuwa Mukristu wa Butembo toka zamani, na alitaka padri aone. Mama alifuata na miguu mitupu. Padri aliwasalimu, akamwingiza mama peke yake, akafunga mulango. Halafu akamutoa mama, akamukalisha upande mwingine wa baraza, akamwingiza jirani. Hakuwaacha wasemezane. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, na mulango wa ubao hauzuii sauti ya jirani yetu.

"Nilimushika kichwa mimi, Padri! Mimi! Wifi yake alikuwa kwenye miguu, anatafuta bulangeti."

Mama aliketi kule, akasikia. Niliona mudomo wake umekaza.

Padri akatoka. Alinitazama mimi.

"Mama yako anasema ni yeye aliyeshika kichwa mpaka mwisho, na huyu alikuwa dirishani. Huyu anasema ni yeye, na mama yako alikuwa miguuni. Mama yako anasema mugonjwa alibariki watoto. Huyu anasema mugonjwa hakusema kitu, alikohoa tu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Njiani, na maji."

"Nani anasema uongo?"

Niliwatazama wote wawili. Wote wawili walikuwa wananitazama, na ningesema jina la mumoja nisingekula kwa huyo mwaka muzima.

"Hakuna, Padri. Wamesema yale yaliyo yao."

"Na walizika kweli?"

"Kaburi liko nyuma ya shamba la baba. Twende."

Padri alitoa sauti puani, sikujua kama ni kicheko. Aliingia ndani, akarudi na kaye, akaandika pale amesimama, kaye juu ya ukingo wa baraza. Akasema kumi na mumoja wale warudi kesho kwa fundisho, na mwalimu pia. Kwangu akasema: "Na wewe urudi pamoja nao. Usikae nyumbani ukijiona una akili."

"Ndiyo, Padri."

"Na malaika?"

"Bado sijui."

"Mimi nimesoma vitabu vyao miaka arobaini," akasema, "na mimi bado." Akaingia na kufunga mulango.

Mwalimu hakufukuzwa. Fundisho la kesho yake padri alilitoa yeye mwenyewe, na halikuwa na idadi ndani. Mwalimu aliketi benchi moja na sisi wasichana, akasikiliza na kutikisa kichwa kukubali. Na mimi hakunisemesha mpaka siku nilipoondoka.

Lakini siku ile, kutoka misioni mpaka Birere, nilitembea nyuma ya wanawake wawili wanaogombana. Jirani alisema: "Dirishani? Chumba kile kina dirisha?" Tena akasema: "Na nani aliyemufumba macho? Mukono wangu huu." Mama akasema mukono huo ulikuja mwisho kama kawaida yake, kila kitu mwisho, hata kurudisha kinu. Jirani akasema kinu alikirudisha siku ya pili ya kilio, mashahidi wako. Waliendelea hivyo kwenye majiwe, jua linapiga, watu wanageuka kutazama. Nilikuwa na jina langu katika kaye ya padri, na sikuthubutu kufungua kinywa, maana yeyote ningemusaidia, mwingine angerudi misioni kusema upya.

Nilibatizwa Pentekoste, wa mwisho katika musitari. Niliolewa siku ya nne iliyofuata, nikapanda mashua. Pale bandarini mama alisimama upande mumoja na jirani upande mwingine, wote wawili wananipungia mikono, na walikuwa bado hawasemezani.